Nyaya za Mezani: Zifichwe au Zisomeke?

Hoja ya leo inahusu kitu ambacho wengi hatukitazami mpaka kitoe harufu: nyaya zilizo nyuma ya meza ya kompyuta nyumbani. Zifichwe kabisa ili chumba kipendeze, au zipangwe mahali pa wazi hata kama zitaonekana? Mtu anaweza kudhani ni suala la mapambo. Ukilichimba kidogo unakuta linagusa umeme, riziki na usalama wa waliolala chumba cha pili.

Nimeuweka mjadala huu Hedaru, wilayani Same, mji uliokaa chini ya milima ya Upare wa Kusini, kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Arusha na reli itokayo Tanga kwenda Moshi. Mvua nyingi hubaki juu milimani. Huku tambarare ni joto, upepo na vumbi. Katika mji wa namna hii kompyuta ya nyumbani aghalabu ni ya kazi. Sebule inageuzwa steshenari: asubuhi mzazi anataka nakala ya cheti cha kuzaliwa, mchana kijana anatuma maombi Ajira Portal, jioni mhitimu wa kidato cha sita anajaza fomu ya mkopo wa HESLB. Kompyuta inaleta printa, printa inaleta mashine ya laminesheni, kisha ruta, UPS na chaja za simu za wateja. Kila kimoja kinakuja na waya wake, na soketi ukutani ni ileile moja.

Wasemaji ni wanne. Sikuwapa majina kwa sababu kila mmoja anawasemea wengi: Mwenye Meza, mama anayeendesha steshenari sebuleni kwake, Kijana, mdogo wake aliyesoma kompyuta, Fundi umeme mwenye leseni, na Mwalimu mstaafu wa fizikia. Langu nitalisema mwishoni.

Kuficha na kuonyesha

KIJANA: Shikamoo, mwalimu.

MWALIMU: Marahaba, mwanangu. Haya, anza wewe.

KIJANA: Mimi nasema zifichwe. Mteja akiingia kwa dada anakutana na fundo la nyaya sakafuni, tayari ameshaidharau ofisi. Mtoto anayetambaa anavuta. Panya anatafuna. Zinunuliwe trankingi, yale mapito ya plastiki yenye mfuniko, zibandikwe nyuma ya meza na kila waya upite humo. Ekstensheni iingie ndani ya boksi. Juu ya meza ibaki skrini, kibodi na kipanya.

FUNDI: Mdogo wangu, kwa mtoto na kwa mteja niko upande wako. Kwa boksi, hapana. Mimi naitwa kitu kikishaungua, na mara nyingi nakikuta kilikuwa kimefichwa: nyuma ya kabati, chini ya zulia, ndani ya boksi la viatu. Waya ukipata moto mahali pa wazi, plastiki inabadilika rangi unaiona. Unanusa. Unashika plagi unaisikia ya moto. Ukishaufunika, dalili zote hizo umezizima mwenyewe. Mficha uchi hazai.

MWENYE MEZA: Na mimi nisikilizwe, maana meza ni yangu. Kinachoniumiza mimi ni kutojua upi ni upi. Msimu wa maombi ya mikopo, vijana wamejaa barazani, printa inagoma. Nainama chini ya meza kutafuta waya wake, nashika wa ruta, nachomoa. Intaneti inakatika na fomu ya mtoto wa watu iko nusu. Nyaya zote nyeusi, zote zinafanana. Zikiingia kwenye trankingi nitazitambuaje?

MWALIMU: Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila waya uwe na jina lake, na jina liandikwe kwenye ncha zote mbili. Selotepu ya karatasi na kalamu ya wino usiofutika vinatosha: PRINTA, RUTA, SKRINI. Ncha moja tu haisaidii, kwa sababu unapoinama unaiona ncha ya pili.

KIJANA: Basi hoja ya dada imekwisha. Ncha ziwe na majina, katikati pafichwe.

FUNDI: Kwa nyaya za data nakubali: wa mtandao, wa skrini, wa kibodi. Hizo hazibebi nguvu ya kuchoma nyumba. Nyaya za umeme na ekstensheni zibaki mahali jicho na mkono vinafika. Na boksi unalolitaka, kama ni la lazima kwa ajili ya mtoto, liwe na matundu na lifunguke bila kuhangaika.

Mzigo kabla ya njia

FUNDI: Kabla hatujazungumzia waya upite wapi, tuulize unabeba nini. Watu wananiita niwapangie nyaya, nakuta ekstensheni imebeba ekstensheni nyingine. Hapo hata ukipanga kwa rula, hatari haijapungua.

MWALIMU: Hesabu yenyewe ni ya darasani. Umeme wetu wa majumbani ni volti 230. Plagi ya pini tatu yenye fyuzi ya ampia 13 inaruhusu 230 mara 13, yaani wati 2,990. Sasa dada, vitaje vitu vyako.

MWENYE MEZA: Kompyuta na skrini, ruta, printa ya leza, mashine ya laminesheni, chaja za simu. Na pasi, nikinyoosha sare za watoto.

MWALIMU: Kompyuta ya mezani na skrini yake, kwa kazi za kuandika na kuchapa, ni wati 100 hadi 200 hivi. Ruta haifiki 15. Chaja ya simu ya kawaida ni 10 hadi 20. Hao ni wapole. Printa ya leza ina rola ya moto inayogandisha wino wa unga kwenye karatasi, na ikianza kupasha huweza kuvuta wati 800 au zaidi kwa mkupuo. Pasi inavuta 1,000 na kuendelea. Birika la umeme huzidi hapo.

MWENYE MEZA: Hiyo printa nimeichomeka kwenye UPS, ili umeme ukikatika nisiharibu kazi.

FUNDI: Itoe leo hii, dada. UPS ndogo ya VA 650 hutoa kati ya wati 360 na 390 tu. Leza ikianza kupasha, UPS inazidiwa, inajizima, na kompyuta inazimika nayo. Umepoteza kilekile ulichokuwa unakilinda. Kwenye UPS weka kompyuta, skrini na ruta. Printa ichomekwe moja kwa moja ukutani.

MWENYE MEZA: Ukuta gani, fundi? Chumba kina soketi moja.

MWALIMU: Basi iwe zamu. Wazee wetu wa Upareni walichimba ndiva, yaani mabwawa madogo, kama ile ya Manoo kule Bangalala. Maji ya kijito yanakusanywa usiku, asubuhi yanafunguliwa mferejini, na kila shamba linajua siku yake. Mtu hakufungua mfereji wake kwa sababu tu jembe analo mkononi. Na soketi moja iwe na ratiba: pasi ikiwa ya moto, printa na laminesheni vipumzike. Ratiba hiyo haigharimu hata shilingi, na inakulinda mpaka upate fedha ya soketi ya pili.

KIJANA: Na urefu wa waya je? Ekstensheni ya dada ina mita 5 na meza iko hatua mbili kutoka ukutani. Uliobaki nimeukunja vizuri, nikaukaza kwa vifungo vya plastiki.

FUNDI: Ukafanya waya ujipashe wenyewe. Waya uliokunjwa na kubanwa hauna pa kutolea joto. Zitazame ekstensheni za kuzungusha kwenye gurudumu: nyingi zimeandikwa namba mbili za wati, moja ya waya ulionyooshwa wote, nyingine ya waya uliozungushwa, na hiyo ya pili ni ndogo mno, pengine chini ya nusu. Unaobaki usiukaze. Ulaze kwa mikunjo mipana, au bora zaidi nunua ekstensheni fupi.

Tundu la juu na kalamu

FUNDI: Kuna jambo lingine, na hili naliona karibu kila nyumba. Chaja au spika ina plagi ya pini mbili za duara. Soketi ni ya pini tatu bapa. Mtu anachukua kalamu, anachokoa tundu la juu ili vifuniko vya matundu mawili ya chini vifunguke, anasukuma plagi, inaingia. Umeme unawaka, mambo yamekwisha. Lakini mle ndani vishikio vya shaba vimetengenezwa kwa pini bapa. Pini ya duara inagusa kidogo tu ubavuni. Inalegea. Ukiigusa inalia ts-ts. Baada ya muda plastiki nyeupe kuzunguka tundu inakuwa ya kahawia.

MWALIMU: Na sababu yake iko wazi. Joto kwenye kiungo ni mkondo mara mkondo, mara ukinzani. Kiungo kilicholegea chenye ukinzani wa nusu omu, kikipitisha ampia 5, kinatoa wati 12.5 mahali padogo kuliko ukucha. Kikipitisha ampia 10, ni wati 50. Mkondo umezidi mara mbili, joto limezidi mara nne. Wati 50 zinatosha pasi ya fundi redio kuyeyusha risasi.

KIJANA: Hiyo adapta ya kugeuza pini ni bei ndogo kweli. Sasa ya bei nafuu nayo si imejaa feki?

FUNDI: Rahisi ghali. Tafuta nembo ya TBS, kisha usiishie kwenye nembo, maana hata nembo inaghushiwa. Soma maandishi kwenye ganda la waya. Wa ekstensheni inayobeba mzigo mzito uwe na unene wa milimita za mraba 1.5 hivi; ukikuta 0.75, huo ni wa vitu vyepesi, ampia 6 tu. Ukipata kipande kilichokatwa, kwangua uzi mmoja kwa kisu. Shaba ni nyekundu mpaka ndani. Ukiona weupe katikati, ni alumini iliyopakwa shaba.

Kompyuta inayochonyota

KIJANA: Nina swali, mwalimu. Nikigusa kasha la chuma la kompyuta miguu ikiwa chini pekupeku, vidole vinachonyota. Si shoti kali, ila nasikia.

MWALIMU: Ndani ya pawa saplai kuna vichujio vinavyosukuma mkondo mdogo sana kuelekea kwenye kasha. Waya wa ethi ukiwepo, mkondo huo unakwenda ardhini na wewe husikii kitu. Ukisikia kuchonyota, uwezekano mkubwa ethi haifiki.

FUNDI: Na hapa kwetu tambarare hilo ni suala zito. Udongo mkavu unapitisha umeme kwa shida. Ethi rodi iliyopimwa masika ikaonekana safi, kiangazi inaweza isifanye kazi vilevile. Inatakiwa ichimbiwe hadi kwenye unyevu na ipimwe kwa kifaa, tena wakati wa ukame. Na kwenye meni swichi iwekwe breka ya kukata umeme unaovuja, ile ya miliampia 30. Hata vile vilinzi vya radi watu wanavyonunua, vingi vinategemea ethi ili vimwage umeme wa ziada. Bila ethi umenunua matumaini.

MWENYE MEZA: Hapo ndipo mnapotuacha sisi. Fundi mwenye leseni ya EWURA anataka fedha, na hapatikani kila siku. Wa mtaani anakuja saa hiyohiyo. Na TANESCO wao wanasema wajibu wao unaishia kwenye mita.

FUNDI: Kweli, baada ya mita ni mali yako. Kwa hiyo tugawane kazi. Chochote unachoweza kukichomoa kwa mkono, kipange mwenyewe: plagi, nyaya, ekstensheni. Chochote kilichofungwa kwa skrubu ukutani, usikiguse na usimpe asiyejua. Kosa la mezani linakata fyuzi. Kosa la ukutani linakaa kimya miaka, mpaka siku litakapoamka.

KIJANA: Na kama fundi anakuja wiki ijayo?

MWALIMU: Wiki hiyo punguza mzigo, na vaa viatu unapofanya kazi. Soketi yenye alama ya kuungua isitumike kabisa. Kazi ya siku chache isikugharimu nyumba.

Vifungo, vumbi na radi

KIJANA: Turudi kwenye upangaji, huko ndiko kwangu. Nasema vifungo vya plastiki. Vinashika, havilegei.

MWENYE MEZA: Mimi natumia mpira wa tyubu ya baiskeli. Haununuliwi.

FUNDI: Tyubu kwa joto la hapa inanata kwenye ganda la waya, na inakaza kuliko unavyodhani. Cha plastiki ukitaka kuongeza waya mmoja lazima ukikate, na siku ukikata kwa haraka unakata na waya. Mimi napendelea utepe wa velkro, kama ule wa viatu vya watoto. Unafunguka na kufungika.

KIJANA: Kwa waya wa mtandao nakupa, fundi. Ndani yake kuna jozi nne zilizosokotwa kwa makusudi. Ukiubana sana umbo la jozi linaharibika na kasi inashuka. Hata kona yake iwe pana, angalau mara nne ya unene wa waya. Na usilazwe bega kwa bega na waya wa umeme njia nzima. Ikibidi zikutane, zikatizane kama msalaba.

MWENYE MEZA: Sakafu nayo? Kila asubuhi nadeki. Maji yanapita palepale ilipolala ekstensheni.

FUNDI: Iinuliwe. Ifungwe kwenye ubavu wa mguu wa meza, matundu yakitazama pembeni ili vumbi lisitue ndani. Vumbi la Hedaru linaingia kila mahali, na likipata unyevu halifai kukaa kwenye soketi. Futa kwa kitambaa kikavu, vyote vikiwa vimechomolewa. Ila kumbuka, UPS ukiichomoa ukutani bado ina umeme wa betri ndani na soketi zake ni hai. Izime kwa kitufe chake kwanza.

MWALIMU: Na kabla ya kuchomoa chochote, pigeni picha kwa simu. Kumbukumbu ya mwanadamu inachoka, picha haichoki.

MWENYE MEZA: Sasa nimejua ninachotaka. Vuli ikianza na radi ikilia kutoka milimani, nataka plagi moja ninayoifikia nikiwa nimesimama, niichomoe, na mezani kusiwe na kilichobaki kwenye umeme. Na waya wa intaneti unaotoka kwenye antena ya paani nao niutoe, kwa sababu radi inaweza kuingilia huko. Mkinipangia meza nzuri ambayo plagi yake iko nyuma ya kabati, mmenipambia hatari.

KIJANA: Basi nikubalieni nusu. Nyaya za data zipite kwenye trankingi, zikiwa na majina. Za umeme zipite upande mwingine, zinaonekana, zimenyooka.

FUNDI: Hiyo nusu ni yako kwa haki, mdogo wangu.

Langu

Naungana na Mwenye Meza. Nimesikia usafi wa nyaya ukisifiwa kana kwamba kusudi lake ni kumfurahisha mgeni anayeingia, na napinga. Anayepaswa kuhudumiwa kwanza ni yule atakayeinama chini ya meza siku kitu kimeharibika, au radi inapiga, au moshi umeanza. Mtu huyo anahitaji kusoma nyaya kama anavyosoma karatasi. Kinachozuia usomaji huo ni kibaya, hata kama kinapendeza; na fundo lililotupwa sakafuni nalo linauzuia, kwa hiyo wavivu wasijifiche nyuma ya hoja hii.

Mpangilio wa kazi nauona hivi. Anza na karatasi na hesabu ya wati, kisha uondoe mzigo unaozidi au uupangie zamu. Fuata na ukuta: soketi zinazoshika vizuri, ethi iliyopimwa, na fundi mwenye leseni hata kama itabidi kuweka akiba ya miezi. Halafu njia: umeme upande wake, data upande wake, ekstensheni juu ya sakafu. Kisha majina kwenye ncha zote mbili. Urembo uje wa mwisho, na uje tu pale ambapo haufuniki dalili. Wengi tunaanza na urembo kwa sababu trankingi inauzwa dukani na ethi nzuri haiuzwi dukani. Huko ndiko tunakojidanganya.

Najua bei ya mambo haya kwa familia inayoishi kwa shilingi za fotokopi. Ndiyo maana narudia kwamba hatua tatu za maana kuliko zote ni karibu bure: kutoa printa ya leza kwenye UPS, kuacha kuchokoa soketi kwa kalamu, na kuandika majina. Zote zinamalizika jioni moja baada ya kufunga duka. Na ikitokea moto umewaka, zima meni swichi kama unaweza kuifikia salama, usimwagie maji kitu chenye umeme, toa watu nje, piga 114 kwa Zimamoto.

Kipimo changu cha meza iliyopangwa vizuri ni hiki. Mwenye meza akiwa safarini Moshi, apige simu nyumbani amwambie mama yake mzazi, ambaye hajawahi kushika kompyuta: "Mama, chomoa wa printa." Mama akichomoa wa printa, na wa printa peke yake, bila kuhamisha kabati na bila kufungua boksi, kazi imefanywa vizuri. Akibaki anauliza upi, nyaya hizo bado hazijapangwa, hata kama hakuna hata moja inayoonekana.